Mfunua Kurasa

Kazi yangu ilikuwa kuketi kushoto kwake
na kufunua.
Miaka kumi na tisa: Halszka Drewnowicz kwenye piano,
mimi na suti ya marehemu kaka yangu,
kidole kimelowa mate, jicho kwenye pembe ya ukurasa.
Aliponyanyua kidevu, nilifunua.
Hakuna ampigiaye makofi mfunua kurasa,
na ni haki.

Alizaliwa Łódź, nyuma ya kiwanda cha pamba,
mtaa ambao theluji ilianguka ikiwa nyeusi tayari.
Mama yake, Pelagia, alisimamia mitambo sita ya kufuma
hadi masikio yakamwishia.
Wafumaji wote walisemezana kwa midomo, bila sauti,
nyumbani, sokoni, hata kanisani;
mtoto akakua akidhani
Mungu naye husomwa midomo.

"Mtande ni nyuzi zinazongoja," aliniambia akimenya kiazi.
"Mshindio ndio upitao ukizisumbua.
Muziki wangu wote ni huo. Usiwaambie maprofesa."
Sikuwaambia. Maprofesa walisema yao:
kwamba nota zake hazina kichwa wala miguu,
kwamba mfanyakazi atokapo zamu ya usiku
anataka kitu cha kupigia mluzi.
Yeye, binti wa zamu ya usiku, alikunja karatasi zake
akaenda kutunga muziki wa katuni:
kalunguyeye aliyepoteza mwavuli,
sehemu arobaini na mbili.
Kalunguyeye alimlisha. Kalunguyeye alimnunulia makaa
na meno ya mbele.
Watoto wa nchi nzima waliujua mdundo ule.
Jina lake, nani alijue?

Usiku, jikoni, aliandika ile kazi nyingine.
Mistari aliichora mwenyewe kwa rula ya fundi cherehani,
maana karatasi za nota zilipatikana kwa kibali,
na kibali kwa kupiga magoti,
na magoti yake, alisema, yana baridi yabisi.

Oktoba ya mwaka sabini na moja, okestra ikampigia.
Watu walikohoa.
Bwana wa safu ya tano alikuja kudai koti lake
kabla ya nusu.
Lakini Pelagia, kiziwi, miaka themanini na miwili,
alikuwa amevua viatu,
nyayo juu ya mbao za sakafu,
kiganja mgongoni mwa kiti cha mbele yake,
na besi zilipoingia, zote sita, moja baada ya moja,
aliinua mkono
kama asimamishaye mtambo uliokatikiwa uzi.
Nilimwona. Nilikuwa mlangoni na makoti.
Midomo yake ilisema kitu kuvuka ukumbi
na Halszka, pembeni mwa jukwaa, akajibu kwa midomo.
Lugha ile sikujifunza.
Nilimwuliza mara mbili walisemezana nini.
Mara ya pili alinipa kiazi nimenye.

Heshima ilikuja ilipochoka kuzurura kwingine:
medali, maua, kijana wa redio kutoka Berlin
aliyetaka falsafa ya kimya chake.
"Kiwanda kilipofungwa," alimjibu, "nilisikia."
Kijana akaandika. Yeye akaomba chai.

Kazi ya mwisho ilikuwa na kurasa tatu tupu karibu na tamati.
Mistari ya rula. Nota hata moja.
Usiku wa kwanza nilidhani nimefunua mbili kwa pamoja;
jasho lilinishuka mpaka kwenye soksi.
Nikakitazama kidevu.
Kidevu kikanyanyuka.
Nikafunua, na ukumbi mzima ukasikia karatasi:
kavu, ndefu, kama shuka likianuliwa.
Kikanyanyuka tena.
Aliyeandika ile sauti aliiandika kwa mkono wangu
wala hakuniambia.

Tulimzika Februari, ardhi ikigoma kuchimbika.
Kiwanda sasa kinauza viatu na kahawa.
Vijana hupiga piano wakisoma kwenye kioo,
hukanyaga kitufe, ukurasa hupita kama mwizi.
Ile kazi yake, kwa hiyo, imewashinda.
Juma lililopita wamenipigia simu.
Suti iko kwa dobi.